Umeachwa Wete, London bado ni mke wa mtu

Msajili wa ndoa Uingereza ana swali moja ambalo Wazanzibari wengi hulijibu upesi kuliko inavyofaa: umewahi kuoa au kuolewa kabla? Wapo wanaosema hapana, kwa hoja kwamba ile ya Pemba ilikuwa nikaha tu, haikuandikwa popote Ulaya. Wapo wanaosema ndiyo, wakatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye saini ya mume na mashahidi wawili. Wa kwanza ametoa taarifa ya uongo mbele ya ofisa wa serikali, hata kama mwenyewe haoni hivyo. Wa pili amesema kweli, ila karatasi yake huenda isikubaliwe pale, japo kadhi wa Chake Chake na masheikh wote wa mtaani kwao wanaiona talaka hiyo sahihi kabisa.

Watu hujibu vibaya kwa sababu wanadhani mambo haya yanakwenda pamoja: kama ndoa yetu ya kwetu inatambuliwa, basi na talaka yetu itatambuliwa, kama talaka haitambuliwi, basi na ndoa haikuwepo. Sivyo. Sheria huipima ndoa peke yake na talaka peke yake. Nitaanza na Uingereza, maana Wazanzibari huko ni wengi na sheria yake kuhusu jambo hili imeandikwa waziwazi.

Ndoa iliyofungwa nchi nyingine hutambuliwa Uingereza ikiwa ilifungwa kwa kufuata sheria ya mahali ilipofungwa, na wawili wale walikuwa na ruhusa ya kuoana. Nikaha iliyosomwa Wete, Pemba, kwa walii (msimamizi wa mke), mashahidi na mahari, ni ndoa kamili kwa sheria ya Zanzibar, kwa hiyo na London ni ndoa. Huna haja ya kuisajili tena kule. Cha kushangaza ni kinyume chake. Nikaha iliyosomwa sebuleni kwa mtu Uingereza, bila msajili na bila jengo lililoidhinishwa, haihesabiwi kuwa ndoa kwa sheria ya huko. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo Februari 2020, katika kesi ya wanandoa waliofunga nikaha London na kuishi pamoja miaka mingi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nikaha mbili, moja ya Wete na moja ya London, zote sahihi mbele ya Mungu, na serikali ikaiona ile ya Wete peke yake.

Sasa talaka.

Tuseme bwana anaishi Ilford, mashariki ya London, na mke yuko Wete. Siku moja bwana anatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp: nimekuacha talaka moja. Mke anawasikilizisha wazee. Ami yake anakwenda naye kwa kadhi. Kadhi atataka kujua bwana alitamka nini hasa, alinuia nini, na kama mwenyewe anakiri. Akikiri, eda, yaani muda wa mke kungoja kabla ya kuolewa tena, inaanza kuhesabiwa. Isipokuwa na rejea, yaani mume kumrudia mkewe, ndani ya eda, mwanamke huyo yuko huru kuolewa Pemba, na hakuna wa kumnyooshea kidole.

Kwa Uingereza, hakuna kilichotokea. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Familia ya 1986 kinasema talaka iliyopatikana ndani ya Uingereza haina nguvu isipokuwa imetolewa na mahakama ya kiraia. Bwana alikuwa Ilford alipotamka. Haijalishi kwamba simu iliyopokea ilikuwa Wete. Haijalishi kwamba mabaraza ya kiislamu ya London yalimpa cheti chenye mhuri. Cheti hicho kinamfaa kwa dini yake, kwa sheria hakimfai. Mwaka 1986 jambo hili lilifika Baraza la Malodi, ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mume wa Kipakistani alikuwa ametamka talaka akiwa Uingereza, akapeleka taarifa Pakistan kama sheria ya kule inavyotaka, kisha akamwita mchumba mpya aje waoane. Mchumba alizuiliwa kuingia nchini. Malodi wakasema talaka ilianzia Uingereza na kumalizikia Pakistan, na talaka ya namna hiyo, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, haitambuliwi. Baadaye mume mmoja wa Saudia aliyetamka talaka Uingereza na kuisajili Saudia naye alikataliwa vilevile.

Basi bwana wa Ilford atasema: si napanda ndege, naenda Pemba, natamka kule? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sheria ile ya 1986 inagawa talaka za nje mafungu mawili. La kwanza ni talaka iliyopitia shauri, yaani chombo cha dola kimeshiriki, na bila ya chombo hicho talaka isingekuwepo. La pili ni talaka isiyopitia shauri lolote: mume ametamka, basi. Fungu hili la pili lina masharti makali. Inatakiwa talaka iwe na nguvu pale ilipotolewa. Inatakiwa wote wawili, kisheria, maskani yao ya kudumu yawe nchi ile, au ya mmoja yawe pale na ya mwenzake yawe nchi nyingine inayoitambua talaka hiyo. Na inatakiwa hata mmoja wao asiwe amekuwa na makazi yake ya kawaida Uingereza mwaka mzima uliotangulia talaka. Bwana anayeishi na kufanya kazi Ilford, akaenda Pemba likizo ya wiki tatu, akamwandikia mkewe talaka barazani na kurudi, ameanguka kwenye sharti hilo la mwisho. Tiketi yake haikumsaidia kitu.

Fungu la kwanza ni rahisi zaidi. Inatosha mmoja tu kati ya wanandoa, shauri lilipoanza, awe na makazi ya kawaida katika nchi ile, au maskani yake ya kudumu, au uraia wake. Mke anayeishi Wete anatosha. Na afadhali kutegemea makazi yake kuliko uraia, kwa sababu mbili ambazo ni zetu wenyewe. Kwanza, Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo Mzanzibari aliyechukua pasipoti ya Uingereza hawezi tena kusimama kwa uraia wa Tanzania. Pili, Tanzania ni nchi moja yenye sheria mbili za ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika Bara tu. Zanzibar mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yako kwa kadhi, sasa chini ya Sheria ya Mahakama ya Kadhi namba 9 ya 2017. Waingereza wanalijua tatizo la nchi za namna hii, na kifungu cha 49 kinasema ukitumia makazi au maskani, kila eneo lenye sheria yake litazamwe kama nchi mbalimbali. Ukitumia uraia, utatakiwa kuonesha talaka ile ina nguvu nchi nzima, Bara pia. Kwa nini ujitafutie ubishi huo wakati mke anaishi Pemba miaka yote?

Swali linalobaki ni hili: kipi kinahesabiwa kuwa shauri? Hukumu ya faskhi, ambapo mke amefungua madai, mume ameitwa, ushahidi umesikilizwa na kadhi ameivunja ndoa, hilo ni shauri bila ya wasiwasi. Khului iliyopita mbele ya kadhi, mke amejikomboa kwa kurejesha mahari na kadhi akaandika amri, nayo ina miguu ya kusimama. Lakini ile inayopatikana kwa wingi kwetu ni nyingine. Mume ameacha nyumbani, kisha talaka imepelekwa kuandikishwa na cheti kimetoka. Cheti hicho kinaeleza jambo lililokwisha kutokea. Ndoa ilivunjwa na kauli ya mume, ofisi imeweka kumbukumbu. Mwanasheria wa upande wa pili akitaka kukipinga kwamba hakikutokana na shauri, ana pa kushika. Ndiyo maana ninawaambia ndugu wanaojua kwamba siku moja watahitaji talaka hiyo nje: hata kama mume amekwisha kuacha, nenda mahakama ya kadhi upate uamuzi ulioandikwa, wenye namba ya shauri, unaoonesha mume aliitwa lini, aliitwaje na alijibu nini. Habari ya kuitwa si urembo. Kifungu cha 51 kinairuhusu mahakama ya Uingereza kuikataa talaka ya nje ikiwa mmoja hakupewa taarifa wala nafasi ya kujieleza.

Mfano wa karatasi yenyewe, kwa asiyewahi kuiona. Karatasi ya daftari yenye mistari, kalamu ya buluu: Mimi fulani bin fulani wa shehia fulani nimemuacha mke wangu fulani binti fulani talaka moja, leo mwezi 12 Mfunguo Tano. Mashahidi wawili, mmoja ameandika jina moja tu. Mwaka hakuna. Sasa mpelekee msajili wa Kiingereza, na kwenye pasipoti bwana yule ana majina matatu na hakuna "bin" hata moja, na jina la babu limeandikwa kwa herufi nyingine. Msajili hana ubaya na mtu. Anatafuta kujua kama aliyeandikwa ndiye huyu aliyesimama mbele yake, na karatasi haimsaidii. Ofisi ya mtaa ikiona talaka ya nje, inaweza kuyapeleka makaratasi Ofisi Kuu ya Usajili yachunguzwe, na yaliyoandikwa Kiswahili au Kiarabu yatatakiwa na tafsiri. Harusi inangoja.

Na mtu akifanikiwa kupita, akafunga ndoa ya kiserikali wakati talaka yake ya kwanza haitambuliwi? Ndoa ya pili ni batili tangu siku ya kwanza. Hata ikidumu miaka ishirini, haipati uhai. Kuoa au kuolewa mara ya pili ndani ya ndoa nyingine ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1861, na adhabu yake inafika miaka 7 jela. Aliyeamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, kwamba ameachika ana utetezi. Aliyejibu "hapana" kwenye swali la msajili atapata taabu kueleza imani yake hiyo. Viza ya mume au mke nayo inaweza kukataliwa, kwa kuwa ofisa wa uhamiaji anataka ushahidi kwamba ndoa za nyuma za pande zote mbili zimekwisha.

Kuna mambo mawili ya kumpunguzia mtu hofu. Watoto wa ndoa batili huhesabiwa kuwa halali ikiwa mzazi mmoja aliamini kwa sababu za maana kwamba ndoa ni sahihi. Na mke wa pili aliyeingia bila kujua hatoki mikono mitupu, maana mahakama inapoitangaza ndoa kuwa batili ina uwezo wa kugawa mali na kuamuru matunzo kama inavyofanya kwenye talaka. Shida kubwa ni bwana akifa bila wosia kabla ya kesi yoyote. Hapo mjane anayetambuliwa ni yule wa Wete, ambaye pengine ameshaolewa na mtu mwingine na ana watoto watatu.

Upande wa pili wa bahari

Kinyume cha habari hii kinazungumzwa kidogo, na mimi naona ndicho kinachoumiza zaidi. Mwanamke amefungua kesi ya talaka mahakama ya London. Tangu Aprili 2022 hahitaji kuthibitisha kosa la mume. Anangoja wiki 20, anapata amri ya masharti, baada ya wiki 6 anaomba amri ya mwisho. Kwa dola ya Uingereza ameachika. Kifungu cha 50 cha sheria ile ya 1986 kinamlinda hata zaidi: talaka ikishatambuliwa pale, kukataliwa na nchi nyingine hakumzuii kuolewa tena pale.

Anarudi Pemba. Amepatikana mtu wa kumuoa.

"Mwanangu, mumeo kakuacha?" ami yake anamuuliza, maana yeye ndiye walii.

"Tumeachana kwa mahakama, ami. Karatasi hii hapa."

"Hii nimeiona. Nakuuliza yeye, katamka?"

Hakutamka. Na kwa makusudi hatamki. Huko London ana mke mwingine na hana haraka, kwa sababu yeye kwa sheria ya dini hafungwi na kitu. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu hukumu ya hakimu asiye Mwislamu. Wapo, likiwemo Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, wanaosema aliyefunga ndoa kwa sheria ya nchi ile amekubali na hukumu za nchi ile, kwa hiyo talaka inapita. Wapo wanaotofautisha: kama mume ndiye aliyeomba, au alisaini kwa ridhaa, inahesabiwa talaka moja, kama mke ndiye aliyeomba na mume akakataa, haihesabiwi kitu mpaka kadhi aingie. Huku kwetu walii wengi watasimama na rai hii ya pili, na si haki kuwalaumu, maana wao ndio watakaooza na ndio watakaoulizwa.

Surat An-Nisaa, aya ya 129, inakataza mke kuachwa kama aliyetundikwa, hana mume wala hana ruhusa ya kuolewa. Kadhi analijua hilo kuliko mwanasheria wa London. Njia iliyopo ni kufungua madai ya faskhi au khului mahakama ya kadhi, na ile hukumu ya London, iliyotafsiriwa, ikawa ushahidi: wameishi mbalimbali muda gani, matunzo yamekatika lini, mume amekataa nini. Mwanamke asiende kudai kwamba London imekwisha kumaliza. Akienda hivyo atabishana na dini wakati anachotaka ni kuolewa. Aende na shida yake, karatasi ije nyuma yake. Bora zaidi, na hili waelezwe wanawake wetu kabla kesi ya London haijafungwa, ni kumtaka mume atoe talaka ya maneno kama sehemu ya makubaliano ya mwisho ya mali, wakati bado kuna anachokitaka kwa mkewe.

Si Uingereza peke yake

Huna haja ya kwenda mbali kulikuta tatizo hili. Boti ya kwenda Dar es Salaam inatosha. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, talaka ya Mwislamu aliyeko Bara haimalizi ndoa kwa kutamkwa tu. Wanandoa wapite Baraza la Usuluhishi, lishindwe na liandike kwamba limeshindwa, kisha mahakama ithibitishe talaka na kutoa amri. Mzanzibari aliyehamia Kariakoo akaacha kwa desturi za Mkunazini, Unguja, atakuta mirathi au kesi ya nyumba inamrudisha kwenye ndoa aliyodhani ameiacha.

Kanada inatazama makazi: mmoja wa wanandoa awe amekaa nchi iliyotoa talaka angalau mwaka mmoja kabla shauri halijaanza. Marekani kila jimbo lina mahakama zake, na mwaka 2008 mahakama ya juu ya Maryland ilikataa talaka ambayo mume aliiandika ubalozi wa Pakistan mjini Washington, baada ya mke kufungua kesi ya talaka Maryland. Aliyekuwa akidhani ubalozi ni ardhi ya nyumbani, na talaka iliyotolewa humo ni ya nyumbani, ajibiwe na kesi hiyo. Ujerumani kwa kawaida wanataka talaka ya nje ipitishwe kwanza na mamlaka ya sheria ya jimbo ndipo uoe. Usijaribu kupanga tarehe ya harusi kabla. Oman na Imarati hakuna wa kukueleza talaka ni nini. Watakachokutaka ni hati ya mahakama iliyothibitishwa, wala karatasi ya daftari haitakufikisha mbali.

Na kwa vijana wa Nungwi na Paje wanaooana na wageni, mambo yanageuka: talaka inayotakiwa kuchunguzwa ni ya mgeni. Italia kuna hatua ya kutengana kisheria inayotangulia talaka, na waliotengana bado ni mume na mke. Mchumba anayesema "nimetengana na mume wangu, karatasi za mahakama ninazo" huenda anasema kweli tupu na bado ni mke wa mtu. Omba hati ya talaka yenyewe pamoja na cheti cha nchi yao kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa, kabla ya kwenda kwa sheha na kabla ya kukodi hema.

Kwa aliyekwisha kuingia kwenye mtego wa Uingereza, zipo njia mbili. Anaweza kuiomba mahakama itamke kama talaka yake ya nje inatambuliwa au la. Kifungu cha 55 cha sheria ile ya 1986 kinatoa nafasi hiyo, lakini ni kesi yenye gharama na yenye wanasheria. Au anafungua talaka ya kawaida ya kiraia dhidi ya mume au mke yule wa zamani, ada takriban pauni 600, na baada ya miezi sita au saba anayo amri ambayo hakuna msajili wa kuibishia. Wengi huona aibu kufungua kesi ya kumuacha mtu waliyekwisha kumuacha. Hakuna dhambi humo. Talaka ya kwa kadhi inabaki pale pale, hii ni ya makaratasi. Ikiwa ndoa ya pili imeshafungwa, itabidi ifungwe upya baada ya amri hiyo ya mwisho.

Na kwa mwanamke aliyeachwa Zanzibar kwa talaka inayotambuliwa, ambaye mumewe anaishi na ana mali Uingereza: sheria ya Uingereza ya 1984 inamruhusu kuomba mgao katika mahakama za huko hata baada ya talaka ya nje, kwanza kwa kupata ruhusa ya mahakama, na kuishi kwa mume huko mwaka mzima kunatosha kumfungulia mlango. Lakini akiolewa tena kabla ya kuomba, haki hiyo imekwisha. Nikaha mpya ya Wete, ambayo London inaitambua kama tulivyoona, inatosha kuifuta. Kwa hiyo posa ikija, amwambie walii asubirishe mpaka maombi yawe yameshafikishwa mahakamani.